Kabla ya Kununua Bunduki ya Shambani
Mhadhara kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Missoula, Montana

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana, hamjambo nyote. Nimeitwa niseme juu ya jambo ambalo limekuwa likiulizwa kila tunapoketi kunywa chai. Familia kadhaa miongoni mwetu zimeanza kutafuta mashamba nje ya mji, ekari tano hapa, ekari kumi kule, juu mlimani ambako lami imekwisha. Na kila anayenishika mkono mlangoni ananiuliza swali hilohilo: tununue bunduki gani?

Nitalijibu. Ninajitolea kufundisha wawindaji wapya, kwa hiyo bunduki ninazijua. Lakini ninajua pia ni nani walioketi mbele yangu. Wengi wenu mmetoka Kivu. Kuna mama humu ndani aliyelala msituni akimziba mwanawe mdomo ili asilie. Kwake bunduki si kitu cha dukani, ni mlio unaokuja usiku. Mama zangu, anayeona maneno haya yanamrudisha kule, atoke apunge upepo, hakuna atakayemuuliza.

Haya. Kwanza mjue mnahamia wapi. Tangu mwaka 2011 kuna Wamarekani wanaoliita eneo letu hili ngome yao ya mwisho: Idaho, Montana, Wyoming, na pande za mashariki za Oregon na Washington. Wanahama kutoka miji mikubwa wakiamini kwamba siku moja umeme utakatika, fedha zitakosa thamani, na anayetaka kusalimika ajenge kimbilio mbali na watu. Nina majirani wa aina hiyo, na wengine ni watu wema sana. Mmoja aliniondolea theluji barabarani majira mawili mfululizo bila kupokea hata senti. Kujiwekea akiba si jambo geni kwetu. Nani hapa hakulelewa na bibi mwenye ghala la mahindi? Kinachonisumbua ni mpangilio wa mambo. Nimeingia katika nyumba yenye bunduki ishirini ukutani na njia moja tu ya kupata maji, pampu ya umeme kisimani. Umeme ukikatika siku tatu mwezi wa Januari, bunduki zile hazitawapa watoto maji.

Sababu ya kweli ya kufikiria bunduki shambani ni umbali. Montana ina kilomita za mraba zipatazo 380,000, na watu wake ni kama milioni 1.1. Ukipiga 911, namba ya dharura, kutoka bondeni, askari wa sherifu anaweza kuchukua saa nzima kufika, na hapo barabara iwe nzuri. Kwa saa hiyo uko peke yako. Ninalitambua hilo na sitamcheka mtu anayelihofia.

Sasa sikilizeni kisa cha Iowa, kwa maana ni kisa cha nyumba ya shambani kama mnazozitafuta.

Mume na mke walikuwa na nyumba ya urithi wa mke, iko tupu, na wezi walikuwa wameizoea. Walipiga mbao madirishani na kuweka vibao vya kukataza watu kuingia. Havikusaidia. Basi mume akachukua bunduki ya marisau, geji 20 (geji ni kipimo cha mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba), akaifunga kwenye kitanda chumbani, akaunganisha waya kutoka kwenye kifyatulio hadi kitasa cha mlango. Mwanzo aliielekeza tumboni. Mke akamsihi aishushe, akaishusha ielekee miguuni. Mwaka 1967 akaingia mwanamume aliyekuwa akitafuta chupa na mitungi ya kale, akafungua mlango wa chumba, na mguu wake ukavunjwa vibaya. Yule mwizi alikiri wizi wake akatozwa faini ya dola 50. Kisha akawashitaki wenye nyumba. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Iowa ikathibitisha kwamba wamlipe dola 30,000. Ili kulipa, wenye nyumba walilazimika kuuza ekari 80 za shamba lao.

Pimeni wenyewe. Walikuwa wakilinda chupa kuukuu, wakapoteza ekari themanini. Sheria ya nchi hii, pamoja na uhuru wake wote wa bunduki, inaweka uhai wa mtu juu ya mali. Mtego hauna macho. Haujui kama aliyeshika kitasa ni mwizi, ni zimamoto, ni mtoto wa jirani aliyepotea kwenye theluji. Na hata wewe mwenyewe ukiwa umeshika bunduki mkononi, kwa kawaida jambo linaloruhusu kumpiga mtu risasi ni hatari ya kifo au madhara makubwa iliyo mbele yako sasa hivi. Kuibiwa jenereta hakumo. Anayekimbia na jenereta yako mwache akimbie, andika namba ya gari. Mambo ya kila jimbo yana vifungu vyake. Mlipeni wakili saa moja kabla hamjalipa duka la bunduki.

Kinachoilinda nyumba ya mbali ni vitu visivyong'aa. Geti lililofungwa barabarani, mbali na nyumba, ili gari lisimame pale. Mlango wa mbao nzito, na skrubu za inchi tatu zinazopita fremu hadi kwenye nguzo ya ukuta; skrubu fupi zinazokuja na kitasa zinang'oka kwa teke moja. Mbwa anayebweka. Redio ya mawasiliano pale simu zisiposhika. Ufunguo wa akiba kwa jirani, na jirani anayejua gari lako kwa mlio wake. Ninyi hili mnalijua kuliko Wamarekani wengi: kijijini mgeni hajafika kwenye mti wa kwanza, habari yake imeshafika kwa mwenyekiti. Hawa wanaojificha mbali na kila mtu wameutupa ulinzi huo kwa hiari yao. Ukihama, wiki ya kwanza piga hodi nyumba zote za barabara yako, na usiende mikono mitupu. Peleka sambusa.

Na adui mkubwa wa nyumba za huku habebi silaha. Agosti 1910, kwa siku mbili, moto uliteketeza ekari zipatazo milioni tatu za Idaho na Montana, na watu zaidi ya themanini wakafa, wengi wao wazima moto. Kila kiangazi tunavuta moshi wake hadi leo. Nyumba nyingi huwashwa na makaa yanayorushwa na upepo, yakatua kwenye majani makavu juu ya paa au kuni zilizopangwa ukutani. Kwa hiyo futi tano za kwanza kuzunguka nyumba zisiwe na kitu kinachoungua: changarawe tu. Paa la bati. Wavu mwembamba wa chuma kwenye matundu ya dari. Nimeona watu wakitumia dola elfu mbili kwa bunduki moja huku msonobari umeegemea paa lao. Ndugu zangu, ukateni ule mti kwanza.

Nije kwenye bunduki zenyewe. Kwa familia inayoanza, kama imeamua, mimi ninazitaja tatu na sioni haja ya ya nne.

Ya kwanza ni ndogo, pointi 22, yaani risasi yake ina upana wa inchi 0.22. Haina teke begani, mlio wake ni mdogo, risasi zake ni za bei nafuu, na hiyo ndiyo ya kujifunzia, mzazi na kijana pamoja. Inatosha kwa sungura na kwa mnyama mdogo anayevamia kuku. Wengi huidharau. Kirisasi chake kinaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na kinaua.

Ya pili ni bunduki ya marisau, ile wenzetu wanaiita shotigani. Wauzaji watakupa geji 12. Mimi ninasema geji 20, hasa kama mama wa nyumba ndiye atakayebaki shambani mume akiwa kazini mjini. Teke lake ni dogo, na bunduki ambayo mtu anaiogopa hafanyi nayo mazoezi. Mpimeni kitako begani palepale dukani. Kikiwa kirefu mno, mkono haufiki vizuri.

Ya tatu ni ya kuwindia swala wakubwa wa huku, yenye risasi za aina ya 308 au 30-06, kwa sababu moja: zinapatikana hata kwenye kaduka ka kijijini. Hii itajaza friza nyama ya mwaka. Ila yeyote aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 lazima asome kozi ya uwindaji kabla ya kupewa leseni Montana. Kozi hiyo ninaifundisha mimi na wenzangu, njooni.

Bastola siipendekezi kwa anayeanza. Ni ngumu kuliko zote kuipiga ikalenga, na ni rahisi kuliko zote mtoto kuiokota. Bunduki za mtindo wa kijeshi ni halali hapa na majirani wanazo. Kwa kazi za shamba nilizotaja hazikuongezei kitu. Na dubu? Nunua mkebe wa pilipili ya dubu, ile ya kumpulizia akikujia. Utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba pilipili ile ilimzuia dubu katika matukio zaidi ya tisa kati ya kumi. Mkono unaotetemeka hauwezi kulenga risasi, lakini unaweza kupuliza wingu.

Sheria, na hapa naomba kila mtu asikilize kwa sababu kosa letu sisi wahamiaji lina adhabu mbili. Dukani utajaza fomu 4473, fomu ya serikali ya shirikisho kwa mnunuzi wa bunduki, nao watakukagua. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaweza. Mwenye viza ya masomo, ya kazi au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi, na asiye na karatasi haruhusiwi hata kuishika. Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mkewe, hata kama lilikuwa kosa dogo, haruhusiwi. Bunduki za kuwindia ni kuanzia miaka 18 dukani, bastola 21. Na usimnunulie mtu mwingine kwa jina lako, hata awe shemeji. Hilo ni kosa la jinai la shirikisho, na kosa la bunduki laweza kukurudisha ulikotoka. Usikate mtutu pia. Shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18 ni kosa bila kibali maalumu. Mwaka 1992, Ruby Ridge kaskazini mwa Idaho, jambo lililoanzia kwenye tuhuma kwamba baba mmoja aliuza shotigani mbili zilizokatwa liliishia kwa kuzingirwa siku 11, na akafa mama, akafa mwanawe wa miaka 14, akafa na ofisa wa serikali. Baadaye baraza la mahakama lilimwondolea baba hatia ya zile bunduki. Mke na mtoto walikuwa wameshazikwa.

Ninalotaka mlibebe kuliko yote ni kasha la chuma. Mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Montana iko miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa kujiua. Majira ya baridi ni marefu, giza linaingia saa kumi na moja jioni, na mtu aliyebeba vita moyoni anakaa peke yake mlimani. Ninasema hili nikiwatazama machoni. Bunduki ikae tupu, kwenye kasha, risasi kwenye kasha jingine, na ufunguo usijulikane na watoto. Ukiona mwenzako amezidiwa, muombe ukamhifadhie bunduki zake nje ya nyumba. Simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua ni 988, usiku na mchana. Nimeshamhifadhia rafiki mmoja miezi minne. Leo yuko hai, anachunga mbuzi.

Nimeona mkono wa bibi pale nyuma. Bibi anauliza: je, ninaweza kuishi shambani bila bunduki kabisa?

Shikamoo bibi. Unaweza. Wapo wanaoishi hivyo juu ya bonde langu, miaka mingi. Banda la kuku tutalizungushia waya wa umeme, dubu akiugusa mara moja harudi. Pilipili itaning'inia kando ya mlango. Jumamosi nitakuja na wajukuu wako na skrubu za inchi tatu, tuanze na mlango wa jikoni, kisha tukate ule msonobari.