Kitanda Kilichojifunza Kukesha
Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, karibuni.

Kuna swali naulizwa kwa kunong'onezwa. Mtu amekuja kwa shida ya usingizi, anakaa, anageuka kutazama kama mlango umefungwa, kisha: "Kwani mimi nimeshakuwa wa Kidongo Chekundu?" Hospitali ile ya maradhi ya akili ya Unguja tumeigeuza tusi, na tusi hilo linawakesheza watu miaka kwa kuogopa kuonekana wakiingia kwa mtu kama mimi. Mimi ni mtaalamu wa saikolojia. Sitoi vidonge wala sindano. Nasikiliza, nauliza, napanga na wewe. Na kukosa usingizi si wazimu.

Usiku mmoja wa kuamkia harusi ya mwanao haunihusu. Nazungumzia anayekosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, na mchana hali yake mbaya. Mara nyingi kilichoanzisha kimeshaondoka: msiba, deni, mtoto mchanga ambaye sasa yuko skuli. Lakini zile mbinu za kuufukuzia usingizi zimebaki. Unapanda kitandani mapema, unatazama saa, unahesabu zilizobaki. Usingizi ni kama samaki wa dema: unatega, unaondoka. Ukimfukuza humpati.

Mwishowe kitanda chenyewe kinajifunza kukesha. Kwenye kochi, mbele ya televisheni, unasinzia hadi shingo inauma. Ukiingia chandaruani tu, macho makavu. Nani hajapata? (Watu wanacheka.) Basi hicho ndicho tunachotibu.

Tiba yenyewe ni ya fikra na tabia, kwa kawaida vikao vinne hadi vinane. Mwaka 2016, chama cha madaktari cha American College of Physicians kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo hili sugu aanzishiwe tiba hiyo kabla ya dawa. Hapa kwetu tunaanza na Valium. Na anayeimeza kila siku asiikate ghafla kwa sababu amenisikia leo. Aipunguze akiwa mkononi mwa daktari.

Wiki ya kwanza nakupa karatasi tu. Kila asubuhi unaandika ulipanda kitandani saa ngapi, unakisia ulilala kiasi gani, uliamka lini. Wengine wanaona nawachezea.

Nichukue mama wa kubuni, maana ya watu hayatoki chumbani kwangu. Anapanda kitandani saa tatu usiku, anaamka kwa adhana ya Alfajiri, tuseme saa kumi na moja. Hapo ni muda wa saa nane. Karatasi inasema amelala tano. Amekuja nimpatie zile tatu. Namwambia: "Mama, kuanzia leo usipande kitandani kabla ya saa tano na nusu usiku." Ananitazama kama nimemtukana! Nampa saa tano na nusu tu za kitandani, na chini ya tano sishuki. Mwili ukichoka sawasawa, usingizi uliokuwa vipande vipande unaungana. Wiki akilala kama asilimia 85 ya muda wa kitandani, namuongezea robo saa. Wiki nyengine, robo nyengine. Siku za mwanzo ni za taabu, sitawadanganya. Wanaokimbia hukimbia hapo. Lakini dereva, mvuvi wa usiku, mwenye kifafa, au aliyewahi kupandwa na furaha ya kupita kiasi hadi akaugua, aniambie kwanza, kwani kumpunguzia usingizi kuna hatari.

Sisi tuna bahati moja. Pemba iko karibu na ikweta, Alfajiri yetu haihami sana mwaka mzima. Kwengine mtaalamu huhangaika kumtafutia mgonjwa saa moja ya kuamka, sisi tunaadhiniwa. Halafu tunaiharibu: tunaswali, tunarudi kulala hadi saa mbili, kisha usiku tunashangaa.

Ukiwa macho kwa kama robo saa, kwa kukisia, saa usiiangalie, toka kitandani. Uende wapi, na watoto wamelala ukumbini? Hilo vitabu havinisaidii. Jibu zuri nililipata kwa bibi mmoja: anakaa kwenye mkeka kando ya mlango, anasuka ukili gizani. Vidole vinaijua njia. Macho yakiwa mazito, anarudi. Simu haiwezi kuwa ukili wako.

Wazee wa baraza: kafeini, ile ya kwenye kahawa yenu, huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Vikombe vya saa mbili usiku, nusu yake bado unayo saa saba.

Na jinamizi. Ubongo umeamka, misuli bado imefungwa na ndoto. Unaona mtu kifuani, sauti haitoki. Wenye umri wangu wanaikumbuka 1995, watu walivyolala nje kwa kuiogopa Popobawa, lile jini lililosemwa kuvamia watu usiku. Baadhi ya waliolichunguza jambo lile wamelihusisha na hali hii. Sibishani na mtu anayesoma dua zake. Namuuliza tu: tangu siku hiyo, unaogopa kulala?

Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, aende kwa daktari kwanza. Maneno yangu hayafungui koo.

Mama pale mbele ameuliza: na Ramadhani? Tarawehe, daku, usiku wenyewe umeshagawika. Ramadhani siianzishi tiba hii kwa mtu. Tunangoja Idi ipite. Karatasi lakini unaweza kujaza hata leo. Ziko kwenye meza ya mlangoni. Vijana, mko karibu nazo, zigaweni.