Kutoka Kiwanda cha Meli hadi Mtaa wa Makazi: Bandari ya Magharibi ya Malmö

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie namna eneo la viwanda vilivyokufa kando ya bahari linavyoweza kugeuzwa makazi bila kuyaumiza mazingira, nami nimechagua Västra Hamnen, bandari ya magharibi ya mji wa Malmö, kusini mwa Uswidi. Hapo kampuni ya Kockums iliunda meli hadi ushindani wa Asia ulipoiangusha biashara hiyo katika miaka ya 1980. Mwaka 2002 kreni yake kubwa, yenye kimo cha mita 138, ilisafirishwa hadi Ulsan, Korea Kusini, baada ya Hyundai kuinunua kwa dola 1.

Wageni wengi huenda kupiga picha mnara wa Turning Torso, wenye urefu wa mita 190, uliokamilika mwaka 2005. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ilifanyika kabla ya hapo. Manispaa iliinunua ardhi ya kiwanda, na kwa kuwa ardhi ilikuwa mikononi mwake, iliweza kumwekea kila mjenzi masharti kabla ya kumkabidhi kiwanja. Katika sehemu ya kwanza, Bo01, iliyofunguliwa mwaka 2001 kama maonyesho ya nyumba, wajenzi walipewa orodha ya mambo 35 ya kijani wachague 10, yakiwemo viota vya ndege, mimea inayotambaa ukutani na udongo wa kutosha kupandia mboga uani. Maji ya mvua hayafichwi mabombani, bali hupita katika mifereji ya wazi na vidimbwi hadi baharini. Majengo marefu yamepangwa ufukweni ili yazuie upepo, na nyuma yake vichochoro vimepindapinda, hata mtu anaweza kukaa nje kukiwa na baridi. Joto la kiangazi huhifadhiwa chini, katika mwamba wa chokaa wenye maji, kisha pampu hulirudisha majumbani wakati wa kipupwe.

Hata hivyo, lengo la kila nyumba kutotumia zaidi ya kilowati-saa 105 kwa mita ya mraba kwa mwaka halikufikiwa kila mahali. Vipimo vilionyesha kwamba nyumba kadhaa zilizidi kiwango hicho, na madirisha makubwa ya kioo yanayotazama bahari yalichangia. Isitoshe, nyumba nyingi za Bo01 zilikuwa ghali mno kwa mwananchi wa kawaida. Ndiyo maana katika Flagghusen, sehemu iliyofuata, manispaa iliketi na wajenzi mapema kukubaliana kuhusu nishati na gharama, na nyumba nyingi zikawa za kupanga.

Atakayepata nafasi ya kuzuru Malmö apite pia Augustenborg, mtaa wa wafanyakazi uliojengwa mnamo miaka ya 1950, ambako tangu mwaka 1998 mafuriko yamepunguzwa kwa mifereji ya wazi na mapaa yaliyopandwa mimea, huku wapangaji wakiendelea kuishi humo humo.