Uso Usiosema Kitu: Mhadhara kwa Familia Zinazouguza Skizofrenia, Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kushika imani potofu, sitaieleza tena, kwani wengi wenu mmeishi nayo nyumbani kwa miaka mingi kuliko niliyokaa mimi darasani. Nimekuja na lile lile la kila mara, nalo ni uso mtulivu, na jinsi mgonjwa anavyousoma vibaya.

Wataalamu humwonyesha mgonjwa picha za nyuso, zikiwemo zile za Paul Ekman wa Marekani zilizotolewa mwaka 1976, kisha humwuliza kila mwenye picha anahisi nini. Uso wenye furaha wagonjwa wengi huutambua. Wa hofu huwatatiza zaidi. Lakini ule usiokunjwa wala kukunjuliwa mara nyingi huwaonekea kuwa umekasirika au una nia mbaya. Tafiti za ubongo zimeonyesha kwamba amigdala, sehemu inayotahadharisha juu ya hatari, huweza kuchangamka kupita kiasi hata mbele ya uso wa namna hiyo. Tena wagonjwa wengi hawatulizi sana macho yao kwenye macho na mdomo wa mtu, na humo ndimo habari nyingi zimo.

Sasa mfikirieni mama anayechagua mchele barazani Ngamiani, macho kwenye ungo akitafuta chuya, mawazo kwenye ada ya shule. Mwanawe anapita, anamtupia jicho, kisha anajifungia chumbani akiamini kwamba mama amemnunia. Mama hakusema neno, na hilo ndilo lililomponza.

Najua yupo atakayesema kwamba hata mzima humdhania mwenzake amenuna, kumbe ana njaa tu. Ni kweli, lakini wewe ukisalimiwa dhana inakutoka, ilhali mwenye skizofrenia, hasa anayehisi kuandamwa, huiachia dhana yake kwa shida hata ushahidi ukibadilika. Mwingine ataniambia kwamba kijana ni mkaidi tu, maana dawa anameza. Jamani! Dawa hupunguza sauti na imani potofu; usomaji wa nyuso hauuboreshi sana, na ndiyo maana yamebuniwa mazoezi maalumu, nayo husaidia. Nanyi msingoje aulize, mwambieni, "Sijakukasirikia, mwanangu, nawaza ada."

Nilikusudia kueleza pia habari ya kinyago, ambacho sisi tukikitazama kwa ndani huona uso umechomoza, huku wagonjwa wengi wakiona shimo kama lilivyo, na ya Joseph Capgras wa Ufaransa, aliyemweleza mwaka 1923 mwanamke aliyeamini kwamba mumewe amebadilishwa na mtu anayefanana naye. Muda hauniruhusu, wenye maswali ya dozi wamwone mwuguzi pale mlangoni.