Tunapopima gharama za demensia, tunamhesabu nani?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima ugumu wa maisha katika familia zinazouguza mtu mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea. Nitaanza na kipimo chenyewe, maana hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa takwimu.

Kwa miaka mingi Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakipima hivi: chukua fedha ambazo kaya imetoa mfukoni kwa matibabu, uzilinganishe na matumizi yake yote au kipato chake. Zikipita asilimia 10, kaya imeelemewa. Zikipita 25, imeelemewa vibaya. Kwa mtu anayesafishwa figo kipimo hiki kinafaa sana. Kila akienda anarudi na risiti.

Sasa twende Hai, Kilimanjaro. Ni miongoni mwa sehemu chache za vijijini Afrika zilizofanyiwa utafiti mkubwa wa demensia, na ilionekana kwamba kati ya wazee 100 wenye miaka 70 na kuendelea, takriban 6 wanayo. Tumfikirie mama mmoja wa huko. Huu ni mfano wangu tu. Ana miaka 76, ameanza kupotea njia ya kanisani. Wanawe walimpeleka hospitali, wakaambiwa ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na hawakurudi tena. Kwa hiyo matumizi yao ya afya mwezi huu ni karibu sifuri. Kwenye jedwali la mtafiti, familia hii haina shida yoyote!

Lakini binti yake alikuwa anauza mitumba Boma Ng'ombe. Meza ameiacha, kwa sababu mama akibaki peke yake anawasha jiko na kulisahau, au anatoka usiku. Mtaji umekwenda kwenye pampasi za watu wazima na sabuni, vitu ambavyo dodoso huviandika "mahitaji ya nyumbani". Kilichopungua amekopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Zote hizo ni gharama za ugonjwa, na hakuna hata shilingi moja iliyoandikwa hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 demensia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3. Karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na jamaa, wastani wa saa 5 kwa siku, na asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake.

Saa moja ya binti huyu tuitie bei gani? Wachumi wana njia mbili. Ya kwanza huuliza angeingiza kiasi gani kama angekuwa kazini. Kwa hesabu hiyo, mdogo wake ambaye hajawahi kuajiriwa anauguza bure, jambo ambalo mimi silikubali. Ya pili huuliza mngemlipa nani badala yake, na kwetu jibu ni dada wa kazi, ambaye mshahara wake wenyewe ni aibu. Kuna dodoso la RUD, la kupima rasilimali zinazotumika kwenye demensia, la Anders Wimo wa Sweden na wenzake, linalotenganisha saa za kumlisha na kumvisha mgonjwa, saa za shughuli za nyumbani, na saa za kumwangalia asijidhuru. Hizi za mwisho ndizo ngumu. Binti anachambua maharage huku jicho liko kwa mama: hiyo ni kazi gani?

Kisha kuna neno kaya: wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kaka aliyeko Dar hali chungu hicho, ila kila mwezi anatuma hela kwa simu, na msingi wa nyumba yake umeota majani. Tukiihesabu nyumba ya Hai peke yake, yeye hayumo.

Ndiyo maana ningeongeza maswali: mmeuza nini? Nani ameacha kazi au shule? Nani wa nje anawatumia fedha? Ni matibabu gani mmeyaacha kwa kukosa hela? Na moja ambalo watafiti hulikwepa: je, kabla hamjajua kuwa anaumwa, mzee mwenyewe aligawa au kusaini nini, shamba likiwemo? Hilo huibua ugomvi wa ndugu mbele ya mdodosaji. Naomba tuanze mjadala na hilo. Waliowahi kufanya kazi vijijini watangulie.