Johann Ludwig Casper na hesabu ya moja, mbili, nane

Habari za jioni.

Nianze na hesabu ambayo wengi waliosomea uchunguzi wa maiti wameikariri: wiki moja hewani, wiki mbili majini, wiki nane ardhini. Maana yake ni kwamba maiti iliyolala juu ya ardhi juma moja, iliyokaa ndani ya maji majuma mawili na iliyozikwa majuma manane zitakutwa zimeoza kwa kiwango kinachokaribiana. Hesabu hiyo ni ya Johann Ludwig Casper, profesa wa Berlin. Katika yote aliyoyaandika, hilo ndilo linalonukuliwa zaidi, na naona ndilo linalotumiwa vibaya zaidi.

Casper alizaliwa Berlin tarehe 11 Machi 1796. Alipata udaktari Halle mwaka 1819, akaenda Ufaransa na Uingereza kuangalia tiba ya huko, kisha akarudi kwao. Mwaka 1825 akawa profesa, na 1839 akapanda kuwa profesa kamili. Kabla ya kujulikana kwa maiti alijulikana kwa takwimu. Alilinganisha umri wa kufa wa watu wa tabaka la juu na wa mafukara wa Berlin, akapata wastani wa miaka 50 kwa wale na 32 kwa hawa. Shikeni hapo: huyu alikuwa mtu wa kuhesabu kwanza, kusema baadaye.

Mwaka 1841 akawa daktari wa mahakama wa Berlin. Katika Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawaliwa kutoka Berlin, kazi hiyo ilikuwa na utaratibu mkali. Daktari na mpasuaji walisimama mezani pamoja, mbele ya ofisa wa mahakama, na kila kilichoonekana kiliandikwa papo hapo. Sehemu tatu zilikuwa lazima zifunguliwe: fuvu, kifua na tumbo. Ukikuta jeraha la kisu kifuani, bado unafungua fuvu. Sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuhojiwa na wakili: usipofungua kichwa, huwezi kukana kwamba marehemu alikufa kwa damu iliyovuja kwenye ubongo kabla kisu hakijamfika, na maiti ikishazikwa umechelewa.

Mwaka 1851 alichapisha upasuaji mia moja wa kimahakama, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1852 akaanzisha jarida la robo mwaka la tiba ya mahakama. Kisha kikaja kitabu chake kikubwa cha 1857 na 1858, juzuu moja ya maiti na nyingine ya walio hai. Waingereza walikitafsiri katika juzuu nne kati ya 1861 na 1865. Alifariki tarehe 24 Februari 1864, na mpwa wake Carl Liman akaendelea kukihariri.

Sasa tuje kwenye kuoza kwenyewe. Dalili ya kwanza ya nje ni rangi ya kijani chini ya tumbo upande wa kulia. Kwa nini kulia? Pale ndipo utumbo mpana unapoanzia, bakteria wamejaa na ukuta wa tumbo uko karibu. Gesi ya salfa wanayoitoa inaungana na rangi ya damu, na ngozi inageuka kijani. Baadaye mishipa inachoreka kwenye ngozi kama matawi ya mti, tumbo linavimba, ngozi ya juu inavuka.

Casper aliingia ndani zaidi, akapanga viungo kwa zamu ya kuharibika. Vinavyotangulia ni koo la hewa, ubongo wa mtoto mchanga, tumbo la chakula, matumbo na wengu. Moyo, mapafu, figo, kibofu na kongosho huchelewa. Wa mwisho kabisa ni mji wa mimba, kwa sababu ni msuli mnene ulioshikana, ulio mbali na matumbo yenye bakteria. Ana kisa cha mtumishi wa kike aliyekutwa ndani ya shimo la choo baada ya miezi kama tisa. Watu walikuwa wanasema aliuawa kwa kuwa alikuwa mjamzito. Viungo vingine vilikuwa vimekwisha, lakini mji wa mimba ulikuwa bado mgumu na unatambulika, na haukuwa umebeba mimba. Umbeya ukaishia hapo.

Turudi kwenye moja, mbili, nane. Casper mwenyewe aliweka sharti: joto liwe karibu sawa pande zote. Alikuwa analinganisha mahali na mahali, hakuwa anatengeneza saa. Majini kuoza hupungua kwa sababu ya ubaridi na uhaba wa hewa. Ardhini hupungua zaidi, kwa kuwa nzi hawafiki na oksijeni ni kidogo. Ukivunja sharti, hesabu inavunjika. Maiti iliyokaa siku tatu juani kabla ya kuzikwa haianzi upya kaburini. Maiti ikitolewa majini inaoza mbio, kwa hiyo mchunguzi anayeiona kesho yake mochwari bila jokofu anaona kazi ya hewa na kuiandika kuwa ya maji. Aliyekufa na maambukizi ya damu huoza mapema. Mtoto aliyezaliwa mfu huchelewa, maana matumbo yake hayana bakteria bado.

Saa yenyewe, yaani njia ya kukadiria muda uliopita tangu kufa, ilikuja na Mjerumani mwingine, Claus Henssge, aliyechapisha chati yake mwaka 1988. Hapa hakipimwi kuoza, kinapimwa kupoa. Mahitaji ni matatu: joto la puru (mwisho wa utumbo mpana), joto la mazingira na uzito wa mwili. Kipimajoto cha wodini hakifai, kwa sababu hakisomi chini ya nyuzi 34 au 35. Kinachofaa kinaingizwa purani angalau sentimita 8. Joto la hewa lipimwe karibu na maiti, kwa kimo kilekile, kabla watu hawajafungua madirisha. Kisha ni rula na mistari miwili: wa kwanza unaunganisha joto la puru na la mazingira, wa pili unatoka katikati ya duara na kupita pale wa kwanza ulipokata mstari wa ulalo uliochorwa kwenye chati. Unapogusa tao la uzito ndipo unasoma saa zilizopita tangu kufa.

Chukueni mwili wa kilo 70, uchi, chumba cha nyuzi 20, puru nyuzi 30. Jibu ni kama saa 12 tangu kufa, kuongeza au kupunguza saa 2.8. Mvishe nguo chache na uzidishe uzito kwa 1.2, jibu linapanda hadi saa 14 na nusu. Mvue nguo tena, lakini chumba kiwe nyuzi 16 badala ya 20: linashuka hadi saa 10. Nyuzi nne tu za hewa zimekula saa mbili. Ndiyo maana ripoti inayotaja wakati mmoja tu wa kufa, bila kusema joto lilipimwa wapi na lini, mimi huiwekea alama ya kuuliza.

Na kwa wanaofanya kazi Dar es Salaam au Mombasa: chumba kikiwa nyuzi 32, mwili una nyuzi tano tu za kupoteza. Kosa la nusu nyuzi hapo ni sehemu ya kumi ya safari yote. Chati inayo sehemu ya joto la juu ya 23, lakini mstari umelala sana, na mchana juani au jirani na jiko haitumiki kabisa. Hapo tunarudi kwa madoa ya damu iliyotuama chini ya ngozi, kukakamaa, mabuu ya nzi, na ile rangi ya kijani upande wa kulia, ambayo kwenye joto letu haingoji siku mbili.