Wekeni Bomba Chini: Mhadhara kwa Wafugaji wa Kasuku

Ndugu wafugaji, waandaaji wameniomba nizungumzie uzalishaji wa kasuku nyumbani, kuanzia uteuzi wa jozi hadi uuzaji wa makinda, na mnaonifahamu mmekwisha anza kutabasamu, kwa kuwa mnajua nitafika kwenye bomba la kulishia makinda na haitakuwa rahisi kuniondoa hapo. Ukubwa wa tundu na vipimo vya sanduku la kiota mnavijua, kwa hiyo sitavirudia.

Neno langu ni lilelile: kinda ambaye wazazi wake wako hai, wana afya na wanamlisha, hana haja na uji wenu. Desturi iliyoenea ni kumtoa kiotani akiwa na wiki mbili au tatu, akalishwa kwa bomba hadi ajue kula mwenyewe, kwa madai kwamba ndivyo anavyokuwa mpole. Sababu nyingine husemwa kwa sauti ya chini zaidi, nayo ni kwamba jike aliyeondolewa makinda hurudi kutaga mapema. Sikatai kwamba mfugaji anahitaji kipato. Ninachokataa ni kuita biashara upendo.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilikuwa na kinda wa kokatieli, yule kasuku mdogo wa Australia mwenye kishungi, nikamlea kwa bomba tangu akiwa kipofu na hana manyoya, nikiamka usiku kumlisha, na nikajivuna kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani, kwa sababu ndege alilala shingoni mwangu na kupiga mluzi kila nilipopita. Alipokomaa alianza kuviimbia viatu vyangu. Msicheke, maana hakuishia kwenye viatu; alijaribu kuupanda mkono wangu, na yeyote aliyeukaribia aling'atwa. Nikamletea jike mzuri, mwenye afya, nikawawekea sanduku la kiota, nikakaa kusubiri. Dume alijibanza kwenye pembe ya tundu iliyo karibu na kiti changu, akaniita kutwa nzima, wala hakumtazama mwenzake hata mara moja. Jike akataga mayai matano. Mnajua kwamba katika jamii hii dume huatamia mchana na jike usiku. Basi yule maskini aliatamia zamu zote mbili peke yake, akapitisha siku 18, akapitisha siku 21 ambazo ni mwisho wa kawaida wa mayai ya kokatieli, akaendelea kukaa. Nilipoyamulika mayai kwa taa yalikuwa meupe ndani, hayana hata mshipa mmoja, yaani hayakurutubishwa. Dume hakuwa mgonjwa. Katika wiki zake za kwanza alikuwa amejifunza kwamba jamaa zake ni watu, na kosa hilo nililifanya mimi kwa mikono yangu, tena kwa furaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilichunguza jambo hili kwa kokatieli na kuchapisha matokeo mwaka 1988: madume waliolelewa kwa mkono walirutubisha mayai machache kuliko waliolelewa na wazazi, na majike waliolelewa kwa mkono walikuwa na tabia ya kutaga sakafuni badala ya kiotani.

Najua kuna anayetaka kuniambia kwamba kinda aliyeachwa kwa wazazi atakuwa mkali na hatapata mnunuzi. Chuo hicho hicho kilijibu mwaka 1999, safari hii kwa kasuku wa Amazoni: makinda waliobaki kiotani na kulishwa na wazazi, lakini wakashikwashikwa na watu kwa dakika chache mara kadhaa kwa wiki, walitoka wapole. Yaani mkono unatosha. Si lazima ubebe bomba.

Mwingine atasema kwamba jozi yake ya kasuku imewatelekeza makinda. Huyo simgusi, bomba limetengenezwa kwa ajili yake. Lakini ajue kwamba uji unatakiwa uwe kwenye nyuzijoto 39 hadi 41 hivi, kwa sababu ukizidi moto huunguza gole, kile kifuko cha shingoni kinachopokea chakula, na ukipoa gole huacha kusukuma na chakula kikachachia humo. Ukiingia njia ya hewa, kinda hufia kiganjani. Mimi baada ya miaka yote hii bado hutumia kipimajoto, wala siamini kidole changu. Pamoja na haya yote, wapo wafugaji wanaomkabidhi mnunuzi asiyejua lolote kinda ambaye hajaweza kula, mkebe wa unga na bomba, kisha wakamwambia kwamba ni rahisi. Ni rahisi kwa nani?

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo nitakwenda mbio. Uteuzi wa jozi: kwa kasuku wa kijivu dume na jike hamwezi kuwatofautisha kwa uhakika kwa macho, basi pelekeni manyoya maabara wakapime vinasaba, maana mkikuta mayai manane katika kiota kimoja, huenda mna majike wawili wanaopendana sana. Chakula: mbegu tupu hazitoshi, na jike aliyepungukiwa kalisi anaweza kukwama na yai, hali inayoua upesi. Parachichi ni sumu kwao, na moshi wa kikaango kisichogandisha chakula, kikiunguzwa, unaweza kuua ndege wote chumbani. Sheria: tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kasuku wa kijivu wamo katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya wanaolindwa zaidi, hivyo nyaraka za asili ya ndege wenu zitunzeni. Kuhusu magonjwa nilikuwa na karatasi nzima, naikunja.

Pete ya mguuni, ile ya kumtambulisha ndege, ivisheni mapema, vidole vikiwa bado vidogo, maana baadaye haipiti. Kumfikia kinda kwa ajili hiyo hakuhitaji kumwondoa kwa mama yake zaidi ya dakika moja. Sasa maswali, na yule bwana wa nyuma aliyekuja na bomba lake aanze yeye.