Kifafa kwa Asiyekula Kitimoto

MWANAIDI: Kaka Baraka, kuna swali haliishi. Mtu hajawahi kuonja kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, maisha yake yote. Anaanguka kifafa, anapigwa CT scan, anakutwa na vifuko vya mabuu ya tegu, mnyoo wa nguruwe, kwenye ubongo. Vimefikaje?

BARAKA: Kupitia kinyesi cha binadamu, wala si nyama. Anayekula nyama yenye vilengelenge vyeupe ambayo haijaiva anapata tegu wa tumboni. Huyo tegu peke yake haleti kifafa. Ila mayai yake yanatoka na choo. Yakifika kwenye mchicha, maji ya kisima au mikono ya mpishi, atakayeyameza ndiye anayeota vifuko: kwenye misuli, machoni, kwenye ubongo.

MWANAIDI: Kumbe tegu ni wa jirani, anayeanguka ni mimi.

BARAKA: Au wa mtu wa humohumo nyumbani kwako. Kule Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, utafiti wa Hospitali ya Haydom uliwakuta baadhi ya wagonjwa wa kifafa na vifuko hivi.

MWANAIDI: Na vinaweza kukaa miaka bila dalili yoyote.

BARAKA: Kifuko kikiwa hai kinaikwepa kinga ya mwili. Kikianza kufa, kinga inakishtukia, ubongo unavimba pale kilipo, ndipo mtu anaanguka. Kwa hiyo usikimbilie albendazole, dawa ya minyoo, ya duka la dawa. Inaua vifuko vingi kwa mpigo na uvimbe unazidi. Hospitali wanapiga picha kwanza, wanampa dawa ya kutuliza uvimbe, na ya kifafa pia.

MWANAIDI: Visababishi vingine vya kifafa tuvitaje tu: malaria iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali za bodaboda, kiharusi. Sasa, kuzimia na kifafa unavitofautishaje?

BARAKA: Anayezimia huona giza kwanza, anatoka jasho, anapauka. Akishalala chini anarudi haraka na anajua yuko wapi. Anaweza hata kutikisika sekunde chache, hilo lisikudanganye. Wa kifafa anakakamaa, anatupa mikono na miguu, na akizinduka anabaki amechanganyikiwa kwa dakika kadhaa. Angalia ulimi: akiwa ameung'ata pembeni, hiyo ni dalili nzito.

MWANAIDI: Na yule mwanafunzi anayeganda katikati ya sentensi?

BARAKA: Huyo, mwalimu humwita mzembe. Mguse bega. Aliyezama kwenye mawazo atashtuka. Mwenye kifafa cha kuduwaa hajibu, anakodoa sekunde 10 hivi, kisha anaendelea kama hapakuwa na kitu.

MWANAIDI: Akianguka mbele yangu?

BARAKA: Tazama saa. Sogeza jiko, mawe, chochote cha kumuumiza. Weka nguo chini ya kichwa, usimkandamize. Kijiko mdomoni hapana, kinavunja meno. Maji hapana, yataingia kwenye mapafu. Mtikisiko ukiisha mlaze ubavu, mate yatoke. Zikipita dakika 5, au akirudia kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Mjamzito, au anayeanguka mara ya kwanza, apelekwe hata kama ametulia.

MWANAIDI: Watu wanaliogopa povu.

BARAKA: Ni mate tu, hayaambukizi. Woga huo ndio unaomwacha mtu akiungua motoni watu wakitazama.

MWANAIDI: Daktari atataka kujua nini?

BARAKA: Kama mko wawili, mmoja arekodi video kwa simu. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Mkono upi ulianza? Ilichukua dakika ngapi? Na kama alikuwa anatumia dawa za kifafa, alikatisha lini, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.